Saa Kumi na Moja

Mama mdogo hununua viatu na vitambaa Guangzhou, akipitia Dubai. Mwaka jana, siku mbili kabla ya safari, alinionyesha biye yake hapa nyumbani Bukavu. « Wewe unayesoma lugha, niambie: kutoka Dubai mpaka Guangzhou nitakaa angani saa ngapi? » Swali lake lilikuwa na sababu. Ana ugonjwa wa sukari, na hujipiga sindano saa moja ya asubuhi na saa moja ya jioni.

Biye ilisema: kuondoka Dubai saa nne asubuhi, kufika Guangzhou saa tatu usiku. Nikatoa, nikajibu bila kusita: « Saa kumi na moja, mama. Sindano ya jioni itakukuta njiani. Fuata saa ya kioo kilicho mbele ya kiti, ile ya mji unaokwenda. »

Alinitii. Kioo kilipoonyesha saa moja ya jioni alijidunga, akalala bila kula. Kumbe Dubai ilikuwa bado saa tisa alasiri. Tangu sindano ya asubuhi yalikuwa yamepita masaa manane tu. Kwenye mstari wa pasipoti alianza kutetemeka na kutoka jasho. Mfanyabiashara mwenzake ndiye aliyemnywesha soda.

Aliponisimulia, nilirudi kwenye hesabu kwa aibu. Miji hiyo imetengana kwa karibu kilomita 5,800. Ndege kubwa hukata karibu kilomita 900 kwa saa moja. Ukiongeza kupaa na kutua, unapata kama masaa saba. Masaa manne niliyozidisha hayakuwa ya ndege, yalikuwa ya jua. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, na kati ya Dubai na Guangzhou kuna nyuzi karibu 58. Nilikuwa nimetoa saa ya mji mmoja katika saa ya mji mwingine, kama mtu anayetoa franka katika dola. Hata kurudi si sawa na kwenda: pepo za juu huvuma kutoka magharibi, na ndege inayozikabili huchelewa.

Jambo moja bado linanichoma. Darasani tunasahihishwa tukisema « masaa ». Sokoni watu hutenganisha: masaa kumi na moja ni muda, saa kumi na moja ni jioni. Mimi nilitumia Kiswahili cha darasani. Kama mama mdogo angenielewa kisokoni na kutazama saa ya mkononi, iliyobaki na wakati wa Dubai, angekuwa salama: alitua saa kumi na moja ya jioni, masaa mawili kabla ya sindano.

Mwezi uliopita alileta biye nyingine. Nilichora mistari miwili kwenye karatasi, saa ya Dubai juu, ya Guangzhou chini, nikamwomba aionyeshe kwanza kwa muuguzi wake.

« Sasa umesoma, » akasema.