Milima ya Mahale na Mti Mchungu

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuikabili nchi ya Kalemie, imesimama milima ya Mahale katika Tanzania. Kilele chake, Nkungwe, chafikia meta 2,462. Ndani ya hifadhi hii, iliyowekwa mwaka 1985, hakuna barabara: mgeni hufika kwa mashua, kisha huenda kwa miguu. Siku za hewa safi, akitazama magharibi, huiona milima ya Kongo yetu.

Katika msitu huo, Novemba 1987, sokwe jike aitwaye Chausiku alionekana mgonjwa, amelala mchana, hana hamu ya kula. Kisha akauendea mti mdogo, akavunja tawi changa, akalimenya majani na ganda, akatafuna moyo wake na kunyonya maji machungu. Kesho yake alikuwa amepata nguvu tena. Waliomtazama ni Michael Huffman, mtaalamu wa wanyama, na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa miti ya dawa. Kalunde akaeleza kwamba watu wake pia huutumia mti huo kwa maradhi ya tumbo na homa. Bila neno lake, mtaalamu angeona tu mnyama anayetafuna kijiti.

Mti huo ndio mubirizi, unaojulikana sana na mama zetu wa Kivu. Katika majani yake wataalamu wamepata luteolini. Kama vile chuma kinavyoliwa na kutu, ndivyo oksijeni tunayoivuta inavyozaa mwilini chembe kali zidhuruzo nyama na damu, luteolini huzituliza. Lakini nguvu hiyo imepimwa zaidi katika chupa za maabara kuliko katika miili ya wagonjwa.

Tena tukumbuke: Chausiku aliyatupa majani. Humo mna vernodalini, ambayo ikizidi ni sumu. Mnyama alijua sehemu ifaayo. Mtu anywaye bila kipimo hujitia hatarini.

Basi, ndugu wasomaji, mtoto mwenye homa kali apelekwe zahanati bila kukawia. Nao wazee wajuao miti wasiachwe wazikwe na elimu yao. Ninyi wanafunzi, waulizeni, mkaandike daftarini: jina la mti, sehemu itumikayo, na kiasi chake. Neno moja la Mtongwe lilifungua mlango; pengine babu yako naye anao ufunguo.