Chajio melini: Mwanao atavaa nini?

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, nasi tulikuwa katikati ya Bahari ya Hindi tukirejea Durban kutoka Msumbiji. Mwanangu wa miaka minane alikuwa ameketi sakafuni katika chumba chetu melini, amekataa katakata kwenda kula. Alikuwa amevaa suti ya buluu niliyomnunulia Mtaa wa Biashara, Nairobi, kwa Sh4,500. Shingoni alikuwa na tai nyekundu na miguuni viatu vyeusi vilivyong'aa kama kioo. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya tai hiyo. Nje kwenye ujia, nyanya yake alikuwa akitusubiri. Siku hiyo alikuwa ametimiza miaka 70.

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Mimi niliambiwa, tena baharini, nikiwa nimechelewa. Nakusimulia ili wewe usichelewe.

Safari hiyo ilikuwa ya Mama. Tangu utotoni alikuwa na ndoto moja ambayo hakuwahi kuificha, nayo ni kupanda meli ya abiria. Akiwa msichana wa shule alipelekwa ziara Mombasa, akasimama Likoni na kuitazama meli kubwa ikitoka bandari ya Kilindini, abiria wakipunga mikono. Alifundisha miaka mingi, akastaafu, na kwa miaka sita akadunduliza fedha katika chama chake cha akina mama. Sisi wanawe tukajaliza palipopelea.

Huenda ukauliza, mbona Durban? Mombasa ina jumba la kuwapokea abiria wa meli za kitalii, lakini meli nyingi hupita tu, na abiria wake wamepandia kwingine. Durban ni bandari ambako safari huanzia, hasa miezi ya joto ya huko, Novemba hadi Machi. Isitoshe, tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka. Tukapanda ndege hadi Johannesburg, tukaunganisha hadi Durban, na kesho yake tukapanda meli kwa safari ya siku nne.

Kosa letu la kwanza lilitukuta mapema. Unapoingia melini, masanduku huchukuliwa bandarini na wahudumu, nao huyafikisha vyumbani baadaye. Huweza kufika jioni. Katika mkoba wa mkononi tulikuwa tumetia nguo za kuogelea za watoto, basi. Waliogelea hadi jua likatua, na saa ya chajio ilipowadia masanduku yalikuwa bado njiani. Tukateremka hivyo hivyo hadi mkahawa mkuu, mwanangu akiwa na kaptura ya kuogelea iliyolowa, fulana na kandambili.

Mhudumu wa mlangoni alikuwa mpole. Aliomba radhi, akasema nguo za kuogelea haziruhusiwi humo, kisha akatuelekeza kwenye bufee ya sitaha ya juu ambako watu hula walivyo. Hakukosea hata kidogo. Hata hivyo nilihisi macho ya foleni nzima yakinitoboa mgongoni. Mama aliyedunduliza miaka sita ili ale mezani melini alikula chajio chake cha kwanza kando ya bwawa la kuogelea, upepo ukimpeperushia kitambaa cha mkono. Hakusema neno. Mimi nikaapa moyoni kwamba usiku wa gala hakuna atakayetutazama namna ile tena.

Hapa yafaa nieleze mambo yalivyo, kwani familia nyingi hazijui. Katika meli yetu, kila jioni abiria waliletewa chumbani karatasi ya ratiba ya kesho, na ndani yake mliandikwa vazi lililotarajiwa usiku unaofuata. Usiku mwingi huwa wa mavazi ya kawaida. Usiku mmoja au miwili huwa wa gala, na meli nyingine huwa na usiku wa kuvaa nyeupe. Masharti yasiyobadilika katika mikahawa mikuu ni machache: usije na nguo za kuogelea, wala usije miguu mitupu. Kwa watoto masharti mengine huwa mepesi kuliko ya watu wazima. Naye anayeona taabu kujipamba ana bufee, na halaumiwi na mtu.

Haikuwa hivyo siku zote. Enzi ambazo mtu alikwenda Ulaya kwa meli, zikiwemo zile za Union-Castle zilizotia nanga Kilindini, abiria wa daraja la kwanza hawakukaribia meza ya jioni bila kujipamba. Watoto walilishwa mapema, mbali na wakubwa, wakarudishwa vyumbani kabla ya wazazi wao kukaa mezani. Ndege zilipowanyakua abiria hao, meli zikageuka kuwa hoteli zinazoelea, na familia nzima ikaanza kula pamoja. Hapo ndipo swali la vazi la mtoto lilipozaliwa.

Kila kampuni imelijibu kwa namna yake. Kampuni ya Cunard, iliyoanza kuvusha abiria Atlantiki mwaka 1840, bado ina usiku wa gala ambapo wanaume huvaa suti nyeusi na tai. Hata hivyo nayo hukubali vazi rasmi la taifa la abiria. Norwegian Cruise Line ililegeza kamba mwaka 2000, abiria akaachiwa achague saa ya kula na asilazimishwe suti. Meli za Disney, ambazo zilianza safari mwaka 1998, zina hata usiku ambao mtoto huketi mezani amevaa kama haramia. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, soma masharti ya meli yako. Usisikilize ya jirani aliyepanda nyingine.

Mimi sikusoma. Nilikuwa nimejisomea kichwani mwangu.

Siku ya gala tulikuwa tumeshinda katika Kisiwa cha Portuguese, kilicho karibu na kisiwa cha Inhaca katika ghuba ya Maputo. Hakina gati la meli kubwa, kwa hiyo meli hutia nanga mbali na abiria huvushwa kwa vyombo vidogo. Maji ni ya kijani kibichi, na maji yakipwa mchanga huenea hadi macho yachoke. Watoto walicheza kama ndama waliofunguliwa zizini. Waliporudi melini walikuwa wamechoka, wamechomwa na jua, na mchanga umejaa masikioni.

Nami ndipo nikatoa suti.

Kola ilimkwaruza mwanangu shingoni penye ngozi iliyobabuka kwa jua. Viatu vipya vilimteleza kila meli ilipoyumba, maana bahari ya upande huo, penye mkondo wa Agulhas, si tulivu kila siku. Dada yake wa miaka 13 alikuwa amesimama kimya mbele ya kioo ndani ya gauni refu la marinda nililomchagulia mwenyewe, akijitazama kama mtu aliyevishwa pazia. Mama watoto alinong'ona kwamba tuwaachie wavae vitenge. Kabla ya safari alikuwa ameshonesha sare za familia nzima kwa fundi wa kwetu Buruburu. Nilimjibu yale yale niliyomjibu Nairobi, kwamba kule ni kwa watu wakubwa. Kijana akaketi sakafuni, akalia, na akasema afadhali alale njaa.

Nilikuwa tayari kumwacha. Naam, nakiri. Nilikuwa tayari kumwacha mjukuu pekee wa kiume nje ya karamu ya nyanya yake, kwa ajili ya tai.

Mama alibisha hodi, akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mjukuu wangu, nani kakufunga hivi?"

"Baba."

Akanigeukia. "Tai hii umemvalisha kwa ajili ya nani? Kwa ajili yangu, ama kwa ajili ya yule mtu wa mlangoni?"

Sikuwa na jibu. Akaifungua tai taratibu, kama aliyekuwa akiwafungulia watoto wa darasa la kwanza vifungo vya sweta. "Mtoto hali kwa tai," akasema, "hula kwa mdomo. Mwosheni uso, mvisheni nguo safi anayoipenda, twende. Nimengoja meza hii tangu nikiwa msichana. Sitaikalia na viti vitupu."

Nikaichukua ile karatasi ya ratiba nikaisoma kwa mara ya kwanza kwa makini. Iliomba mavazi nadhifu ya jioni. Neno tai halikuwemo.

Baada ya dakika kumi tulishuka ngazi. Mwanangu alivaa shati la kitenge, suruali nyeusi ya pamba na raba zake nyeupe alizozifuta kwa kitambaa. Binti yangu alivaa sketi ya kitenge hicho hicho na blauzi nyeupe, akainua kichwa. Mlangoni alikuwa yule yule mhudumu. Alitutazama sote sita, akatabasamu, akasema tumependeza, kisha akamshika Mama mkono hadi mezani. Kijana alikula supu, samaki na aiskrimu mbili. Wahudumu walipoleta keki wakiimba, ni yeye aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi. Wageni wa meza ya pili walituuliza vitenge vile vinapatikana wapi.

Basi, mzazi, ukijaliwa safari ya namna hii, iwe Durban, Ulaya au kwingineko, haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, vazi la chajio cha siku ya kwanza litie katika mkoba wa mkononi. Suruali safi, shati na viatu vya kufunika miguu vinatosha.

Pili, mtoto mmoja hahitaji zaidi ya vazi moja la gala na mawili ya jioni za kawaida. Kwa mvulana, shati lenye kola na suruali ndefu humpitisha karibu kila mahali. Msichana atatoshelezwa na gauni la kumfika magotini au sketi na blauzi. Akiwa na umri wa kujichagulia, mwachie achague, wewe ukague usafi tu.

Tatu, chagua kitambaa kisichohitaji pasi. Meli nyingi haziruhusu kutumia pasi chumbani kwa kuhofia moto.

Nne, usisahau sweta jepesi. Viyoyozi vya mikahawani huwa vikali, na mtoto aliyetoka juani hutetemeka kabla supu haijafika.

Tano, viatu viwe vya kushika sakafu, na viwe vimevaliwa nyumbani angalau wiki mbili. Kiatu kipya baharini ni adui.

Sita, mjaribishie nguo hiyo nyumbani akiwa ameketi na kula sahani nzima ya wali. Asipoweza kula akiwa nayo sebuleni kwenu, hataweza melini.

Simaanishi kwamba mavazi ni upuuzi. Aliyepika, anayeandaa na jirani wa meza wanastahili kukuona umejitayarisha, na mtoto hana budi kufunzwa hilo mapema. Kandambili na kaptura iliyolowa hazikuwa heshima. Lakini suti ile nayo haikuwa heshima. Ilikuwa fahari yangu, nikamtwika mtoto aibeba.

Suti hiyo ilivaliwa mara moja tu na imeshampita. Tumempa binamu yake. Shati la kitenge nalo limekuwa fupi mikononi, lakini bado hulivaa kila Jumapili. Picha ya usiku ule imetundikwa sebuleni kwa Mama. Sote tumesimama wima tukimtazama mpiga picha, ila kijana mmoja mwenye aiskrimu kidevuni, anayemtazama nyanya yake.