ED ya Siku Tatu na Kodi ya Mbiru

Ijumaa, siku ya tatu ya dawa mseto, vidonge 24 vikiwa vimebaki vinne vya jioni, niliandika kurasa tano za riwaya iliyokuwa imenigomea tangu muhula uanze. Malaria ilinikuta nyumbani Same, na cheti cha ED kilikuwa mezani kando ya chupa ya maji.

Wapo watakaosema kwamba homa humfungulia msanii milango ya fikra. Sikubaliani nao. Malaria haina wahyi wowote. Ina baridi, jasho, uchungu mdomoni na viungo vinavyouma kana kwamba vimetwangwa kinuni. Kilichonipa kurasa zile ni karatasi yenye muhuri, iliyotamka kwamba kwa siku tatu hakuna mwenye haki ya kunidai chochote. Watumishi wa umma wanaosoma hapa watanielewa. Siku zetu za kawaida hukadiriwa: vipindi, usahihishaji, vikao, kisha jioni unajaza fomu ya kueleza ulichofanya ili ijulikane kwamba umekifanya. (Riwaya haina safu yake katika fomu hizo. Nimetafuta.)

Ajabu ni kwamba riwaya yenyewe inahusu kukadiriwa. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika hapa Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Jina lilichotwa kwenye desturi ya kale ya kutoa ushuru kwa watawala, likavishwa kodi mpya ya kikoloni. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliliandikia tukio hilo kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1971. Jambo ambalo huwasisitizia wanafunzi ni kwamba watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa: mtu aingie uani kwako, atazame ng'ombe na migomba yako, kisha aondoke akiwa ameamua wewe ni mtu wa shilingi ngapi. Mgogoro uliburuzwa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi, ambako leo ni Wilaya ya Mwanga, walimkabili mtawala Mwingereza, wakamtaka amalize jambo hilo ili waume zao warudi, ama sivyo yeye mwenyewe awe mume wao. Hatimaye kodi ile ikaondolewa.

Kitabu cha historia kina haki ya kusema "maelfu". Riwaya haina haki hiyo. Inamtaka mmoja, mwenye jina na kikohozi chake. Mmoja wangu ni mzee wa Chome, na kwa miezi mingi alikataa kuishi. Kila nilipompa nafasi alihutubia. Alisema maneno ya haki kabisa, yaliyopangika vizuri, na hakuna hata moja nililoliamini.

Ijumaa hiyo, nikiwa nimejilaza kwenye mkeka kivulini, nilimwona upya. Chome iko chini ya kilele cha Shengena, chenye urefu wa takriban mita 2,460. Kule usiku ni baridi, na mbu si wengi kama bondeni. Mzee huyu nimemtoa huko nikamlaza nje, tambarare, majuma kwa majuma, kanzu yake ikiwa ndiyo blanketi. Angekosaje kuugua? Nikampa homa. Mara tu alipoanza kutetemeka alinyamaza, na aliponyamaza akawa mtu. Wenzake walimfunika shuka zao. Kisha wakaanza kubishana, kwa sauti ya chini ili asisikie, kama arudishwe nyumbani au abaki. Maana kila anayeondoka anapunguza umati ambao serikali inauona kila asubuhi. Mbishano huo ulijiandika wenyewe kurasa tatu.

Tunapoyasimulia maandamano na migomo tunapenda sana hotuba. Tunasahau kwamba malipo ya kwanza hutolewa na mwili: njaa, umande, kuhara, mimba iliyoachwa nyumbani na shamba lisilopaliliwa. Wanawake wa Usangi walilijua hilo kuliko sisi wenye midomo, ndiyo maana madai yao yalihusu unyumba, wala hayakuhusu asilimia za kodi.

Alasiri jirani yangu aliingia na bakuli la uji wenye tangawizi. Yeye huuza tangawizi inayoteremshwa kutoka Mamba.

"Pole, mwanangu. Umeshika kalamu tena? Si umeambiwa upumzike?"

"Shikamoo, mama. Ndiyo napumzika."

"Marahaba. Haya, pumzika nayo."

Alicheka, kisha akakohoa kwa muda mrefu, mkono ukiwa umeshika kizingiti. Nilimuuliza kama amekwenda hospitali. Alijibu kwamba kesho kuna gulio.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Ni sheria nzuri, na inamhusu mwenye mwajiri. Mama huyu hana wa kumpelekea cheti. Hata tungemwandikia siku tatu kwa wino wa dhahabu, tangawizi ingemwozea sakafuni. Kurasa zangu tano zimetokana na ulinzi ambao yeye hana, wala wale wa mwaka 1945 hawakuwa nao. Sioni sababu ya kuona haya kwa kuutumia. Ila wanaharakati tunaopigania stahiki za wafanyakazi tujiulize neno "mfanyakazi" linaishia mlango wa nani.

Jumatatu narudi darasani. Wenzake mzee wa Chome wameshakubaliana arudishwe kwa machela, na wabebaji wasizidi wanne, kwa sababu ya hesabu ya asubuhi. Mkewe bado hajapata habari. Yuko shambani, anapalilia peke yake. Sura inayofuata ni yake, na sidhani kama atahutubia.