Kanisa la Kodi, Kanisa la Sadaka

Ukihamia Ujerumani, fomu ya kujiandikisha kwenye ofisi ya manispaa itakuuliza dini yako. Mlutheri aliyetoka Kilimanjaro huijaza bila kusita, na mshahara wa kwanza ukiingia anakuta makato asiyoyajua: Kirchensteuer, yaani kodi ya kanisa. Ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, au asilimia 8 ukiishi Bavaria au Baden-Württemberg. Serikali ndiyo inayoikusanya, inakata gharama zake, kisha inayakabidhi makanisa. Kwa mwaka, Waprotestanti na Wakatoliki kwa pamoja hupata zaidi ya euro bilioni 12. Anayetaka kuacha kulipa hahitaji hata kumwona mchungaji. Anakwenda mahakamani au kwa msajili, anatia saini, na uanachama wake unakoma.

Kwetu Uchagani kanisa linaishi kwa mkono wa washarika wenyewe. Posho ya mwinjilisti, bati za kanisa na safari za kwaya vinatoka kwenye sadaka, bahasha za ahadi na mavuno. Ibada ikiisha, watu wanakusanyika nje kwa ajili ya mnada. Mama asiye na fedha ameleta mkungu wa ndizi au trei ya mayai. Mmoja ananunua, anautoa tena kwa Bwana, unanadiwa upya. Serikali haimo katika hesabu hiyo. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema wazi kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Je, imani ya Kikristo inahitaji mfalme au serikali ya kuishika mkono? Jibu langu ni hapana, na ushahidi umo katika historia ya nchi hizi mbili.

Tangu enzi za Matengenezo, makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani yaliwekwa chini ya watawala. Hadi 1918, Wilhelm II, akiwa mfalme wa Prussia, ndiye aliyekuwa mkuu wa kanisa la Kiprotestanti huko. Kiti chake kilipoanguka, Katiba ya Weimar ya 1919 ilitamka kwamba hakuna kanisa la dola, ingawa haki ya kutoza kodi ilibaki, na ipo hadi leo. Lakini mazoea ya kumtegemea mtawala hayafutwi na katiba. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, Waprotestanti wengi walimshangilia, na mtu wake, Ludwig Müller, akafanywa askofu wa taifa zima. Waliokataa walikutana Barmen mwezi Mei 1934, wakatangaza kwamba Kanisa lina Bwana mmoja tu, Yesu Kristo. Mmoja wa waliosimama upande huo, mchungaji Dietrich Bonhoeffer, alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945. Katika saa ile ya giza, waliolinda heshima ya Injili ni wale waliokubali kuishi bila kibali cha dola.

Sasa tutazame nyumbani. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, chini ya bendera ya Ujerumani. Vita Kuu ya Kwanza ikaiondoa bendera hiyo, na kufikia 1920 wamisionari Wajerumani nao walikuwa wameondolewa. Waumini walibaki bila serikali ya kuwalinda na karibu bila mchungaji. Walimu na wainjilisti wenyeji, Uchagani na Buhaya, ndio walioendelea kufundisha ubatizo na kuongoza ibada za Jumapili. Vita ya pili ilipowaondoa tena Wajerumani, kazi haikusimama. Mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) chini ya Askofu Stefano Moshi. Mwaka 1977 Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Nataka kuwa mwadilifu kwa Wajerumani. Kodi ya kanisa inamwezesha mchungaji wa kijiji maskini kulipwa sawa na mwenzake wa mtaa wa matajiri, na kusema kweli bila kumwogopa mfadhili. Sehemu ya fedha hizo imefika hata kwenye hospitali na shule zetu. Mimi nailipa, wala sinung'uniki. Lakini fedha hazikuwazuia watu kuondoka. Mwaka 2022 pekee, zaidi ya watu 380,000 walijitoa katika kanisa la Kiprotestanti na zaidi ya 520,000 katika Kanisa Katoliki. Sababu ni nyingi, zikiwemo kashfa za unyanyasaji wa watoto. Hata hivyo, mtu anayelipa kwa makato anaweza kupitisha miaka bila kanisa kuhitaji chochote kingine kwake, wala yeye kuhitaji chochote kwa kanisa. Mama wa mkungu wa ndizi akikosa Jumapili mbili, wazee wa kanisa wanabisha hodi.

Nyumbani nako kuna hatari, nayo haiji kwa sheria. Inakuja na mgeni rasmi. Mwanasiasa anaalikwa kwenye harambee, anatoa mamilioni, anapewa kipaza sauti, na tangu siku hiyo mahubiri juu ya rushwa yanakuwa mepesi. Serikali kusaidia hospitali ya kanisa ni sawa, kwa kuwa mgonjwa ni raia wa dini yoyote. Kununua madhabahu ni jambo jingine. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais William Ruto, na likasema hivyo hadharani. Huo ndio mfano wa kufuata.

Wazee wa kanisa na wachungaji wetu, jengeni kwa sadaka za washarika, hata kama paa litachelewa. Nasi tulio ughaibuni tutume mchango wetu kama washarika wengine, bila kudai kiti cha mbele. Kanisa lisilodaiwa na mtawala ndilo linaloweza kumwambia ukweli.