Ini Langu na Kile Alichodhani Baba

58. Namba hiyo ilitunyamazisha nyumbani kwetu Rashidiya Ijumaa moja, wali unapoa mezani.

Nilikwenda kupima afya tu, mambo ya kawaida. ALT, mojawapo ya vimeng'enya vya ini, ikatoka 58. Karatasi ya maabara ilisema mwisho 40. Nikawaambia wazee, "Ini limepanda kidogo." Baba akanitazama, hakuuliza kitu. Lakini sisi watoto wa Wazanzibari tuliozaliwa Dubai tunajua: ukisema ini, mzee anasikia pombe. Sijawahi hata kuonja, wallahi, na bado nikaanza kujitetea kama mwizi.

Daktari alinieleza hivi. ALT hukaa ndani ya seli za ini, na seli zikiumia inavuja kwenye damu. Ikipanda kidogo haikwambii unaumwa nini, inakwambia utafute. Akauliza: Unatumia panadoli sana? Poda za jim? Dawa za mitishamba? (Zipo, jamani. Bi Mkubwa ana kabati zima.) Hata mazoezi mazito huipandisha, maana misuli nayo ina ALT.

Kisha akataka kupima homa ya ini B, kwa sababu mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua, na mimi nimezaliwa kabla watoto hawajaanza kuchanjwa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ningemwambiaje mama, bila ya kuonekana namlaumu? Siku mbili sikumpigia simu. Majibu yakaja safi.

Ultrasaundi ikaonyesha mafuta kwenye ini, sababu ya kawaida kabisa siku hizi, hata kwa vijana. Zamani jina la ugonjwa huu kwa Kiingereza lilikuwa na neno pombe ndani yake, japo kwa kulikanusha. Mwaka 2023 wataalamu wakalibadilisha. Nilivyosoma nikacheka peke yangu.

Pombe yangu mimi ilikuwa karak, vikombe vinne kwa siku, sukari tele, na kukaa kitini tangu asubuhi. Daktari alisema nikipunguza uzito asilimia 7 hadi 10, ini litapata nafuu kubwa. Nimeshapunguza kilo nne. Juzi ALT ilikuwa 43.

Sasa kabaki baba. Ana sukari, na wenye sukari hupata mafuta haya zaidi. Nikamwambia twende akapime ini.

"Mimi sinywi," akasema.

"Na mimi sinywi, Baba."