Mzunguko wa Saa Mbili Katika Msitu wa Karura

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi akishika barabara ya Limuru, hamalizi maili tano kabla ya kuuona msitu wa Karura umesimama upande wake wa kuume. Nyuma yake ameacha makelele ya magari na majumba marefu. Mbele yake pana lango, mahali pa kulipia kiingilio, na njia ya udongo mwekundu iingiayo kivulini. Msitu huu una hekta 1,041, yaani zaidi ya ekari 2,500, nao ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932.

Matembezi yawafaayo watu wengi ni yale ya mzunguko: kuingia kwa lango la barabara ya Limuru, kushuka hata kwenye maporomoko ya maji, kisha kurudi langoni kwa njia nyingine. Si safari ya kuchosha. Miinuko si mikali, njia kubwa ni pana, na penye njia panda pamewekwa nambari ili mgeni asipotee. Mzee mwenye fimbo na mtoto wa shule waweza kwenda pamoja, wakamaliza kwa saa mbili au zaidi kidogo. Viatu vya kila siku vyatosha, ila wakati wa mvua udongo huo huteleza sana.

Katika sehemu kadha mpitaji hukuta mikaratusi, miti iliyoletwa zamani kutoka Australia. Ilipandwa kwa wingi ili kuni zake zitumike katika magari ya moshi ya reli, wakati yalipokuwa yakiendeshwa kwa kuni. Imenyoka kama nguzo, na mahali pengi yote ni ya rika moja, kwa kuwa ilipandwa wakati mmoja. Chini yake hamna mimea mingi. Shamba la namna hiyo lina faida yake kwa mtu atakaye nguzo na mbao, lakini siku miti inapokomaa hukatwa yote pamoja, na ardhi hubaki wazi juani na mvuani.

Msitu wa asili una desturi nyingine. Humo rika zote hukaa pamoja. Mna muhugu wa miaka mingi, ambao ukuaji wake ni wa polepole mno na ambao mbao zake ngumu zilipendwa sana na wachongaji wa Ukambani. Mna mukinduri ulionyosha matawi yake juu ya mingine. Mna muthiga, ambao gome lake kali hutafunwa na watu wenye kikohozi au maumivu ya meno. Mna na muiri, ambao gome lake hutengenezwa dawa hata katika nchi za Ulaya. Chini ya wazee hao wamo vijana wembamba wanaotafuta mwanga, na chini ya vijana imo miche isiyopita goti.

Mti mzee ukianguka, hauachi pengo tu, bali huacha na nafasi. Jua hushuka mahali ambapo halikushuka kwa miaka mingi, na miche iliyokuwa imedumaa gizani huanza kupanda mbio. Gogo nalo huoza likawa mbolea. Kwa njia hiyo msitu wenye rika nyingi hufiwa kila mwaka, lakini haufi.

Njia huteremka hata mtoni, na sauti ya maji husikika kabla maji yenyewe hayajaonekana. Maporomoko haya yana kimo cha futi 50 hivi. Si mbali na hapo yako mapango, ambayo yasemekana yalikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Ruaka, Karura na Gitathuru ni baadhi ya mito ipitayo katika msitu huu. Maji yake hatimaye huingia mto wa Athi, ambao karibu na pwani huitwa Sabaki, na kumwagika katika Bahari ya Hindi upande wa kaskazini wa Malindi. Kwa hiyo mambo ya Karura si ya watu wa Nairobi peke yao.

Methali yasema kwamba penye miti hapana wajenzi. Karura ilikuwa kinyume, kwani katika miaka ya 1990 wajenzi walikuwa wengi kupita kiasi. Sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi kwa siri, miti ikaanza kukatwa, na vyombo vya ujenzi vikaingizwa. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement walipopata habari hizo mwaka 1998, walikwenda huko na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999 walishambuliwa na kundi la wanaume walipokwenda kupanda miti, naye Profesa akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana kuutetea msitu, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki mwaka 2011.

Lakini kuuokoa msitu ni jambo moja, na kuutunza ni jingine. Kwa miaka kadha baadaye watu wengi waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wanyang'anyi. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha raia kiitwacho Friends of Karura Forest, ili kishirikiane na Idara ya Misitu ya Kenya. Ua wa umeme ukajengwa, na vijana wa vijiji vya jirani, kama vile Huruma, wakapata kazi ya ulinzi. Msitu uliokuwa ukikimbiwa ukawa mahali pa watoto na wazee. Kuanzia mwaka 2014 mbega, wale kima wa manyoya meupe na meusi, waliletwa kutoka upande wa Kipipiri, ambako walikuwa wakigombana na wakulima kwa ajili ya mazao.

Katika kurudi langoni, yafaa mpitaji asitazame juu tu. Mahali ambapo mikaratusi mizee imekatwa, miti ya asili imepandwa badala yake. Mingine imekwisha kupita kimo cha mtu. Mingine ingali michanga, yazungukwa na magugu ambayo lazima yang'olewe tena na tena. Mtu mwenye haraka hupita hapo bila kuona kitu, maana hapana kivuli wala maua. Hata hivyo, miche hiyo ndiyo Karura ya watu ambao hawajazaliwa. Ikikanyagwa au ikiachwa imezwe na magugu, basi siku muhugu wa leo utakapoanguka hapatakuwa na wa kushika mahali pake, hata kama ua ungali umesimama na lango lingali na mlinzi.

Mkulima aliyefika Karura aweza kurudi nyumbani na jambo la kufanya. Wengi hupanda miti yao yote mwaka mmoja, na siku ada ya shule inapodaiwa huikata yote mwaka mmoja, wakaanza tena na ardhi tupu. Afadhali kupanda kidogo kila mvua za mwezi wa Machi na Aprili, mikaratusi ikae mbali na chemchemi, na miti ya asili kama muringa na muiri ipewe nafasi kando ya kijito. Baada ya miaka michache mwenye shamba atakuwa na mti wa kukata, mti wa kungojea, na mche wa kupalilia, na kijito chake hakitakosa kivuli hata mwaka mmoja.