Mvua ya Pasaka, Barabara ya Mbamba Bay

Daftari lenyewe ni la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Binamu yangu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa safari. Jumanne, tarehe 2 Aprili 1996, aliandika kwa mwandiko wake wa kulala: nauli Songea hadi Mbinga, watu wawili. Chini yake: chai na maandazi, Kitai. Chini yake: gesti Mbinga, kitanda kimoja. Halafu, kuanzia Jumatano hadi Jumatatu ya Pasaka, ameandika tarehe tu. Upande wa matumizi hakuna hata senti. Nikilifungua daftari hilo leo, jicho huenda moja kwa moja kwenye mistari hiyo mitupu, maana ndizo siku tulizokula na kulala vizuri kuliko siku zote za safari ile.

Tulikuwa vijana wa Songea, tumemaliza masomo, tunasubiri ajira ambayo haikuwa na haraka ya kutufikia. Mfukoni tulikuwa na Sh 22,000 za wote wawili. Tulitaka kuzunguka: tushuke Mbinga hadi Mbamba Bay, tupande meli mpaka Itungi, tuione milima ya Livingstone tukiwa majini, tutokee Kyela na Mbeya, kisha turudi nyumbani kwa lami ya Makambako na Njombe. Juma moja, tulisema. Begi la mgongoni lilikuwa moja, la mtumba, tukipokezana. Ndani yake mlikuwa na shuka mbili, sufuria, kilo tatu za mchele, na redio ndogo ya binamu iliyofungwa kwa raba.

Mtu yeyote wa Ruvuma angetuuliza kwa nini Aprili. Kule kwetu mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba, na Machi hadi Aprili ndipo inapomwaga ilichobakiza. Mama yangu aliuliza. Nilimjibu kwamba mwaka huu mvua imewahi, basi itawahi kwisha.

Basi letu lilitumia siku nzima kwenda Mbinga, umbali wa kilomita kama 100. Kuanzia Peramiho kwenda mbele ilikuwa udongo mwekundu mtupu. Baada ya Kigonsera tulishuka mara tatu kusukuma, wanaume nyuma, akina mama wakitembea pembeni na watoto mgongoni. Utingo alikuwa na koleo na gunia la kokoto, akitupa kokoto chini ya magurudumu kiganja kwa kiganja, utadhani anamlisha mnyama. Tuliingia Mbinga usiku, kwenye baridi ambayo hatukuwa tumeibebea sweta.

Asubuhi stendi ilikuwa imejaa watu wa kwenda ziwani na hakuna gari lililowasha injini. Ukingo wa barabara ulikuwa umeporomoka huko mbele. Dereva wa lori moja la chumvi na sabuni alisema atajaribu kufika anapoweza. Tukapanda juu ya mzigo, watu kumi na zaidi chini ya turubai moja. Hakutudai nauli. Alisema hawezi kumtoza mtu kwa safari ambayo hajui itaishia wapi.

Iliishia kabla ya saa nane mchana. Mbele yetu nusu ya barabara ilikuwa imekwenda bondeni pamoja na mti wake. Nusu iliyobaki ilikuwa inakatika vipande tukiwa tunaitazama. Kipande cha udongo ukubwa wa meza kinatikisika, kinakaa kidogo, kinashuka taratibu bila kelele, halafu unasikia mlio kutoka chini. Dereva aliegesha, akafunga milango, akatuambia tutafute pa kulala kabla ya giza.

Mama aliyetupokea alikuwa Mmatengo, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, na nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa barabara, katikati ya mibuni yenye punje za kijani. Tulimsalimia shikamoo mama, akaitikia marahaba wanangu, akauliza tunatoka wapi. Songea, tukasema. Wangoni? Ndiyo mama, Wangoni. Akacheka mpaka akashika mlango. "Babu zenu ndio waliotupandisha huku milimani," alisema. "Na leo mvua imewaleta wajukuu wao kwangu. Ingieni mkote moto."

Ni historia ya kweli na kila mtoto wa kule anaijua. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipokuwa wakivamia, Wamatengo walijibana kwenye miinuko ile mikali, na kwa sababu ardhi ilikuwa ya mteremko na watu walikuwa wengi, wakastawisha kilimo chao cha ngolo. Nilikisoma shuleni katika mistari miwili mitatu. Miaka ile ile ya tisini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walikuwa wakipanda milima ya Mbinga kukichunguza. Mimi nilikijua kwa sababu mume wa yule mama alikuwa amekwama mjini Mbinga, upande wa pili wa matope, na shamba lake la maharage lilikuwa limebakiza kipande cha mwisho.

Alhamisi asubuhi mvua ilipopumzika, mama alitutazama, akatazama mikono yetu, akasema: "Nyasi zimeshafyekwa. Kupanga ni kazi ya wanaume. Nani atapanga?"

Tukapanga. Unachukua nyasi zilizolazwa, unazilaza kwa mistari inayoshuka na mlima, kisha mistari inayoikata kwa upana, mpaka mteremko mzima unakuwa kama wavu uliotandazwa. Kila jicho la wavu lina upana wa hatua mbili hivi. Kisha wanawake, yaani mama na binti zake wawili, wanaingia katikati ya kila jicho na jembe. Wanachimba udongo na kuufunika juu ya nyasi pande zote nne. Hapo mbegu za maharage hurushwa juu ya tuta, na udongo mwingine hutupwa kuzifunika. Ukimaliza una shimo katikati na tuta kuzunguka shimo, na nyasi zinaozea ndani ya tuta kuwa mbolea. Mraba wangu wa kwanza ulikuwa umepinda. Binti mkubwa aliuangalia, hakusema neno, akaufunika hivyo hivyo. Wa binamu ulikuwa mbaya kuliko wangu, nao ukafunikwa.

Mchana mvua ikarudi, kubwa, ya kupofusha. Tulikimbilia kibandani. Mama hakukaa. Alinishika mkono akanirudisha shambani, tukiwa tumejifunika gunia. Akaniinamisha kwenye shimo moja la mwaka uliopita. "Weka mkono." Maji yalikuwa yamejaa nusu, yamesimama kimya, na chini yake vidole vyangu viliingia kwenye tope laini kama uji wa mtoto. Ule udongo uliotoka kwenye tuta la juu ulikuwa umetua pale, haukwenda popote. Shimo likijaa sana, maji yanaingia la chini yake, na la chini yake, yakipunguza mwendo kila hatua. Akaninyanyua, akanielekeza chini barabarani. Mtaro wa barabara ulikuwa unanguruma, maji mazito mekundu yakibeba mawe. Pembeni yake, kutoka mwisho wa shamba la ngolo, kilikuwa kinatoka kijito chembamba ambacho ungeweza kuchota ukanywa.

Nimepita pale tena miaka ya karibuni. Lami sasa imefika mpaka Mbamba Bay, kilomita 66 kutoka Mbinga, na pwani ile ni wilaya yake yenyewe, Nyasa. Ni barabara nzuri na watu wake waliistahili miaka mingi kabla. Lakini nilipokuwa dirishani nilikuwa naangalia juu ya ukingo, natafuta vile vyandarua vya kijani mlimani, na kila nilipoviona moyo wangu ulitulia.

Ijumaa Kuu ya safari ile hakuna aliyeshika jembe. Jumamosi tulimaliza kipande. Pasaka tulienda kanisani pamoja nao, tukiteleza njia nzima, viatu mkononi, na kule tukaimba sauti ya tatu kwa nguvu zote. Kuku alichinjwa. Kilo zetu tatu za mchele ndicho kitu pekee tulichoweza kutoa, na mama aliupokea kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi.

Jumatatu tulishuka kwa miguu. Kutoka baridi ya milimani unashuka kwenye miombo, joto linapanda kila kona, na ghafla ukungu unafunguka na Ziwa Nyasa liko chini yako, limejaa upeo wote. Binamu alikaa chini. Alikuwa hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo.

Mbamba Bay ilikuwa ghuba tulivu ya mchanga, imezungukwa na vilima, na watu waliosubiri meli walikuwa wamejaa nyumba zote. Meli ilikuwa haijapita juma lililopita. Wengine walisema mafuta, wengine walisema mawimbi, wengine walisema iko Manda inakuja. Kila jioni watu walipanda kwenye mwinuko kuangalia kaskazini. Daftari linaanza tena hapo: usipa, fungu moja. Muhogo. Usipa, fungu moja. Muhogo. Hata usipa ulikuwa na shida. Wavuvi walikuwa wakirudi alfajiri na mitumbwi imejaa, maana taa zao za karabai zilikuwa zinauvuta vizuri. Lakini usipa unahitaji jua. Akina mama waliutandaza kwenye mchanga, unang'aa kama vipande vya bati, na tone la kwanza likianguka wote walikimbia na vitenge kuuzoa. Mara ya nne ya kuuzoa siku moja, niliona mama mmoja amesimama tu katikati ya mvua, mikono kiunoni, akiuangalia unavyolowa.

Siku ya tatu tulipata mashua. Kijana mmoja alikuwa anaipeleka kaskazini, akipitia Liuli na Lituhi mpaka Manda, ina injini ya nyuma, na alikuwa ameshakubali watu kumi na wawili na mifuko ya saruji. Nilitamani sana Liuli. Ndipo ilipopigwa risasi ya kwanza ya ziwani katika Vita Kuu, mwezi Agosti 1914. Siku hiyo meli ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta Hermann von Wissmann ya Wajerumani imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe kubwa linalosimama majini pale, Pomonda. Nilitaka kuliona jiwe hilo. Tulilipa nauli. Tulikaa kwenye ubao.

Mzee mmoja alikuja polepole kutoka majumbani, mwenye kanzu iliyopauka. Hakumsalimia mtu. Alisimama, akatazama kusini, upande wa Msumbiji, kwa muda mrefu. Hali ilikuwa shwari, nakumbuka vizuri, na hata kijua kilikuwa kimetoka. Kisha akaingia majini mpaka magotini, akachukua galoni la petroli kutoka miguuni mwa kijana, akaanza kurudi nalo.

"Babu, jamani!" kijana alisema. "Watu wameshalipa."

"Warudishie."

"Babu, ziwa limelala."

"Mwera unakuja. Mimi mwenyewe siendi, na wewe huendi." Akaingia na galoni ndani ya nyumba yake, akafunga mlango.

Tulikasirika. Ninalisema kwa sababu nilikasirika kuliko wote. Nilimwambia binamu kwamba mzee mmoja mwenye woga ametuharibia safari nzima. Magharibi upepo wa kusini uliingia. Usiku huo paa la nyumba tuliyolala lilikuwa linainuka na kushuka, na mawimbi yalikuwa yanapiga mchanga kwa kishindo kama magunia yanayotupwa kutoka kwenye lori. Alfajiri tulikuta mitumbwi miwili ya gogo imetupwa mbali juu, karibu na miembe, mmoja umepasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Ziwa lile kina chake kinafika mita 700. Nilikwenda mpaka kwenye mlango wa yule mzee kumwamkia, nikaitikiwa vizuri, nikashindwa kusema lingine.

Juma la sita baada ya hapo, Mei 21, redio ya binamu ilitangaza kwamba MV Bukoba imezama karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa katika Ziwa Victoria, kwenye meli iliyobeba kupita uwezo wake. Tulikuwa tumekaa kibarazani nyumbani Songea. Binamu alizima redio. Hatukumtaja yule mzee, lakini nilijua anamfikiria, naye alijua namfikiria. Mpaka leo, nikisikia habari ya chombo kuzama, naona galoni lile likipanda ufukweni mkononi mwake, linachuruza maji.

Kwa hiyo mzunguko wetu haukutimia. Sikuiona Livingstone kutoka majini wala jiwe la Pomonda, wala hatukufika Kyela. Fedha zilibaki za nauli ya Mbinga hadi Songea tu. Jumamosi tulianza kupanda mlima kwa njia ile ile tuliyoshukia. Barabarani wanavijiji walikuwa wanajaza lile pengo kwa mawe na magogo, na lori letu la chumvi lilikuwa bado pale, dereva akipika chini ya turubai.

Jumapili mchana tulifika kwa mama. Mume wake alikuwa amerudi. Alitushika mikono, akasema anataka kuona kazi ya Wangoni, akatupeleka shambani huku mama anafuata nyuma na mwavuli. Maharage yalikuwa yameota, majani mawili mawili, yamebeba bado maganda ya mbegu kichwani. Mzee alitembea juu ya matuta bila kuyagusa mpaka akafika kwenye mraba uliopinda. Akainama, akakaribia kuupima kwa mkono, akaniangalia.

"Huu ni wako."

"Ndiyo, baba."

Ulikuwa umejaa maji mpaka kwenye ukingo, na haukuwa umevuja.